Afande Anahama, Vijana Wanabaki

Mzee mmoja alisimama mwishoni mwa mkutano wa mtaa, watu wameshaanza kubeba viti vyao, akasema ana jambo dogo. Afande wetu wa kata amepata uhamisho. Mwisho wa mwezi anaondoka. Akapendekeza tuchange, kila kaya kwa kadiri inavyojaliwa, tumnunulie zawadi nzuri na kumwandalia hafla ya kumuaga.

Watu wakanyamaza.

Mwenyekiti akainamia karatasi zake. Kijana mmoja wa bodaboda akanyoosha mkono: "Zawadi ya nini, mzee wangu? Si analipwa mshahara?" Kabla hajajibiwa, mama mmoja anayeuza dagaa, ambaye mikutanoni huwa haongei kabisa, akasema palepale alipokaa: "Mwanangu alilala lokapu siku nne, na hakuna aliyemwambia kosa lake. Leo mimi nimchangie polisi?"

Mkutano ukavunjika bila uamuzi.

Wiki zote hizi maneno ya watu hao watatu yamenikaa kichwani. Nikikubaliana na mzee, namsikia mama wa dagaa. Nikisimama na mama wa dagaa, nakumbuka ninachokiona kila Jumamosi pale uwanjani. Naandika kwa sababu naamini wote watatu walikuwa na haki ya kusema walichosema, na mtaa unaoweza kusikiliza mmoja tu kati yao utakosea.

Uwanja ulioinama

Mtaa wetu hapa Mwanza umepanda mlimani, nyumba zimejipenyeza katikati ya mawe. Sehemu pekee iliyobaki wazi imebaki kwa sababu imeinama, hakuna aliyethubutu kujenga. Ndiyo uwanja wetu. Timu inayoshambulia kuelekea chini ina faida, na mpira ukitoka unaporomoka mpaka barabara ya daladala. Kwa hiyo kila mechi lazima mtoto mmoja akae chini kabisa, karibu na mtaro, kazi yake kuudaka.

Zamani kazi hiyo ilikuwa ya mtoto mnyonge kuliko wote. Asiye na kaka mkubwa. Mgeni aliyehamia juzi. Alisimama pale asubuhi nzima na hakuwahi kucheza.

Afande alipokuja aliweka sheria moja tu: anayedaka leo, mechi ijayo anaanza. Basi. Hakuhutubia. Baada ya muda watoto wakaanza kugombea kukaa chini. Nimewahi kumsikia mtoto mdogo sana akimkatalia mtu mzima aliyetaka mwanawe aingizwe kabla ya zamu: "Baba, huyu alikuwa mtaroni wiki iliyopita. Ni haki yake." Nimehudhuria semina nyingi za utawala bora na sijawahi kusikia sentensi nzuri kama hiyo.

Jumamosi alikuja na traksuti, gwanda ameliacha nyumbani. Kabla ya mpira kulikuwa na mazungumzo. Siku moja alimleta mwenzake wa trafiki, akachora alama za barabarani kwa chaki kwenye mlango wa bati uliong'olewa, vijana wa bodaboda wamekaa juu ya mawe. Walianza kwa kucheka. Kisha yule trafiki akauliza ni wangapi kati yao wamewahi kumpeleka mwenzao hospitali ya Bugando kwa ajali. Mikono ikapanda mingi mno. Kuhusu kupakia mishikaki hakulazimika kusema maneno mengi tena.

Alikuwa pia na daftari, yale makubwa ya jalada gumu. Humo aliandika vijana: jina, anaishi na nani, anafanya nini. Wengi wanabeba mizigo soko la Mwaloni. Wengine wametoka Ukerewe, Sengerema, Magu, wakaja mjini kwa matumaini na hawana pa kulala. Daftari hilo ndilo lililowafikisha kwa afisa maendeleo ya jamii, wakaunda kikundi, wakaandika katiba, wakafungua akaunti, wakaomba mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia kumi ya mapato ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu.

Aprili 2023 serikali ikasimamisha mikopo hiyo nchi nzima.

Hapo ndipo nilipomwelewa. Mwenye haja ya sifa angeondoka wakati huo, maana hakukuwa na cha kupigia picha. Vijana walisema wamedanganywa. Kuna waliorudi vijiweni na kumtukana akipita. Yeye Jumamosi iliyofuata alikuja, akafungua stoo, akatoa mipira. Waliokuwepo walikuwa wachache. Aliendelea kuja mpaka wakarudi.

Shule ya msingi nako alikuwa akienda, kuwaeleza watoto kuhusu dawati la jinsia na watoto la polisi na kuwafundisha namba 116 ya kusaidia watoto. Kuna binti mtaani kwetu ambaye leo yuko darasani kwa sababu alijua agonge mlango upi. Sitasema zaidi ya hapo.

Si analipwa mshahara?

Swali la kijana wa bodaboda linaudhi, lakini ukilitafakari lina mantiki kuliko tulivyotaka kukiri.

Mama akijifungua salama, akampelekea mkunga doti ya kanga, hakuna anayeshtuka. Polisi ni tofauti. Yeye ana uwezo wa kukukamata. Ana uwezo wa kukuachia. Mkono unaompa zawadi leo, kesho unaweza kuhitaji huruma yake, na wote wawili mnalijua hilo hata kama hamlisemi. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 ipo, lakini kijana wa bodaboda hahitaji kuisoma. Anaijua hela ya soda barabarani.

Tena kuna suala la mchango wenyewe. Michango yetu ina orodha, na orodha ina macho. Kaya ambayo haikuchangia itaonekana. Mama mwenye kijana msumbufu atachangia kwa hofu, hata akose hela ya unga. Shukrani ya namna hiyo inamtoza maskini gharama ya kuonekana raia mwema.

Basi zawadi nikaiondoa kichwani. Lakini sikuridhika na jibu la "ni kazi yake" pia. Hakuna mwongozo wa kazi unaomwambia askari kumfikiria mtoto anayedaka mpira mtaroni.

Gwanda ni lile lile

Nilimfuata mama wa dagaa mahali anapoanikia. Alikuwa akigeuza dagaa kwa mikono miwili, haraka, kabla jua halijapanda. Nikakaa. Hakuacha kazi.

Mwanawe alichukuliwa pamoja na wenzake kijiweni, usiku, wakapelekwa kituo kimoja hapa mjini. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inazungumzia saa ishirini na nne za kumfikisha mtuhumiwa mahakamani au kumpa dhamana, isipokuwa kwa makosa makubwa. Kijana alikaa siku nne. Akaachiwa bila shtaka. Alipotoka, nafasi yake ya kubeba mizigo ilikuwa imechukuliwa na mwingine, na kwa miezi hakutaka kutoka nje jioni.

Nikamwambia: lakini mama, afande wetu hakuhusika.

"Najua hakuhusika," akasema. "Nilimfuata, akanisaidia kumpata mwanangu alipo. Peke yake ndiye aliyenijibu kama mtu. Lakini mwanangu akimwona anatetemeka. Gwanda ni lile lile."

Nimelifikiria sana jibu hilo. Kuna familia kando ya ziwa hili ambazo kilio chao kuhusu polisi ni kizito kuliko siku nne za lokapu, na tunapofanya hafla za pongezi, muziki ukipigwa na vyeti vikigawiwa, wao wako ndani ya nyumba zao wanasikia spika. Tunawataka washangilie nini? Mtaa unaompongeza askari mwema huku ukimziba mdomo aliyeumizwa unamsaliti hata huyo askari mwema, maana unaifanya kazi yake ionekane pazia.

Na bado sitaki kusahau upande mwingine. Oktoba 2012 Kamanda wa Polisi wa mkoa wetu, Liberatus Barlow, aliuawa kwa risasi usiku, Kitangiri. Waliokuwa mjini wanakumbuka asubuhi ile. Watu walisimama vikundi vikundi wakiulizana: kama kamanda mwenyewe hakufika nyumbani salama, sisi je? Nyuma ya cheo kulikuwa na mtu, na watu walilia. Askari wa kawaida anaingia vichochoro vya milima hii gizani akiwa na tochi na mwenzake mmoja, na mkewe au mumewe hajui atarudi saa ngapi.

Mambo haya mawili ni ya kweli kwa wakati mmoja. Mimi nimeacha kutafuta lipi limzidi mwenzake.

Haya mambo ni yetu

Tunapenda kusema polisi jamii, yaani polisi na wananchi kulinda mtaa pamoja, imeletwa kutoka nje. Jina huenda, na mpango wenyewe ulipata nguvu baada ya 2006, wakati Said Mwema alipokuwa IGP, mkuu wa Jeshi la Polisi, na ulinzi shirikishi ukaenea mitaani, vijana wakipewa filimbi na tochi, kaya zikichangia posho yao. Lakini Usukumani vijana walikuwa na utaratibu wao zamani sana. Kila kijiji kilikuwa na nsumba ntale, kiongozi wa vijana, aliyewaita kulima shamba la mwenye shida, kujenga, kucheza ngoma. Aliyekwepa zamu alitozwa faini. Hakuwa mtumishi wa mtu. Alikuwa wa kijiji, na akiondoka alichaguliwa mwingine.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi na bunduki zikawa nyingi baada ya vita vya Kagera, nchi ya Wasukuma na Wanyamwezi ikaanzisha sungusungu, vikundi vya wanakijiji vya kujilinda. Ng'ombe walirudi. Watu walilala. Mwaka 1989 sheria ikawatambua. Na wakati huohuo sungusungu walipiga watu, waliwaumiza vikongwe kwa tuhuma za uchawi, walihukumu bila kusikiliza. Wazee wetu waliokaa nao wanakumbuka yote mawili, nguvu ya watu kujilinda na hatari ya nguvu hiyo ikikosa wa kuihoji.

Kwa hiyo nikisema vijana wa mtaa wetu wanahitaji utaratibu wao wenyewe, siwaombei jeshi dogo. Nawaombea nsumba ntale: mtu wa kuita, mtu wa kupanga zamu, na mtu anayeweza kuondolewa akikosea.

Swali lake

Siku chache baada ya mkutano nilikutana na Afande barabarani, amesimamisha pikipiki. Nikamsimulia yaliyosemwa, yote, na ya mama wa dagaa nikiwa nimeyapunguza makali kidogo. Akasema yale ya mama alishayasikia kutoka kwa mama mwenyewe.

Kuhusu zawadi alicheka. "Mngeninunulia mbuzi ningemfunga wapi? Kota zenyewe unazijua."

Kisha akawa makini. "Nimehamishwa vituo vingi, ndugu yangu. Kila nilikotoka nilianzisha kitu na vijana. Nikipiga simu baadaye kuuliza, naambiwa waliacha. Nawaambia mlinipenda sana, mbona mmeacha? Wanasema, Afande, si uliondoka." Akawasha pikipiki, halafu akaizima tena. "Jumamosi ya kwanza nisipokuwepo, nani anafungua stoo?"

Sikuwa na jibu.

Swali hilo ndilo lililonigeuza. Tulikuwa tunabishana tumpe nini, wakati yeye alikuwa anauliza tutabaki na nini. Tumezoea miradi ya vijana inayokuja na bango na jezi mpya, mgeni rasmi akapiga penalti ya ufunguzi, na baada ya mwezi nyasi zimeota golini. Huyu hakuja na bango, lakini hatari ilikuwa ileile: kila kitu kilining'inia kwenye funguo za mtu mmoja. Askari anahamishwa, ndivyo kazi yake ilivyo, na ni vizuri ahamishwe, asije akageuka mfalme wa kata. Mpango wa vijana unaotegemea askari asihame umejengwa mahali pabaya.

Ikiwa tulithamini alichokifanya, tukishike.

Barua

Mkutano wa pili ulijaa kuliko wa kwanza. Mzee aliyeleta hoja aliposikia hakuna mchango alinuna kidogo. Akasema zamani mgeni mwema hakuondoka mikono mitupu. Tukakubaliana akina mama wapike, chakula cha wote, watoto wakiwemo, na kisiwe na orodha. Akatabasamu.

Kisha tukaandika barua. Hii ndiyo sehemu iliyochukua muda mrefu, na ndiyo ninayoipenda zaidi. Ilielekezwa kwa mkuu wake wa wilaya, nakala kwa mtendaji wa kata. Kijana wa bodaboda alitaka iwe na mambo yaliyotendeka tu, sifa za jumla zifutwe. "Mkiandika ni mchapakazi, kila mtu anaandikiwa hivyo. Andikeni sheria ya mtaroni." Tukaiandika. Tukaandika darasa la alama za barabarani. Tukaandika kwamba mikopo iliposimama yeye hakusimama. Barua ya namna hiyo inaingia kwenye faili, mbele ya watu wanaopanga vyeo, na imesainiwa na mtaa hadharani. Zawadi ya gizani haiwezi kufanya hivyo.

Mama wa dagaa akaomba neno lake liwemo.

Hapo pakachafuka. Wengine walisema unaharibu shukrani kwa lalamiko, subiri tuandike nyingine. Mimi nilisimama upande wake, na ningesimama tena. Barua nyingine haiandikwi, tunajuana. Baada ya mabishano marefu aya ikaingia: tunaomba kijana wa mtaa huu akikamatwa, mwenyekiti ajulishwe, ndugu zake waelezwe kosa, na muda wa kisheria uheshimiwe. Afande aliposomewa rasimu, hakuomba aya hiyo ifutwe.

Mama mwenyewe hakusaini. Alisema neno lake kuwemo kunatosha, jina lake bado haliko tayari. Hakuna aliyemlazimisha, na nafurahi.

Ilivyo sasa

Lile daftari lenye habari za nyumbani za vijana tuliona lisibaki mikononi mwa jirani yeyote. Afande amelikabidhi kwa afisa ustawi wa jamii. Kilichobaki mtaani ni daftari jipya la zamu na funguo za stoo. Vinashikwa na wawili waliochaguliwa na vijana wenyewe, binti fundi cherehani anayezishona jezi zikichanika na kijana mmoja mbeba mizigo wa Mwaloni. Wanaweza kuondolewa kwa kura. Tayari kuna anayesema binti anapendelea timu ya mtaa wa juu, na jambo hilo limewekwa kwenye ajenda.

Jumamosi moja mpira haukuchezwa. Mwenye funguo alikuwa msibani Magu na mwenzake hakuwa na funguo ya pili. Ya pili imechongwa.

Polisi kata mpya amefika na kujitambulisha kwa mwenyekiti. Uwanjani hajaja bado. Amealikwa kwa barua, na akija atakuta zamu zinaendelea. Ataingia kama mtu wa kuongeza nguvu.

Mikopo ya halmashauri ilirejeshwa 2024, na kikundi kimefufua maombi yake: wanataka mkokoteni mkubwa na majokofu ya barafu ya kuhudumia wachuuzi wa samaki. Wamekwama kwenye vitabu vya hesabu. Hakuna kati yao aliyewahi kuandika mapato na matumizi ya kikundi, na afisa amewaambia wazi kwamba bila hivyo fomu haitapita. Nawaomba wahasibu wa Mwanza mnaosoma hapa, na wanafunzi wa uhasibu pia: tunahitaji mtu wa kukaa nao saa mbili kila Jumamosi kabla ya mechi mpaka waweze wenyewe. Niandikieni nitawaunganisha na yule fundi cherehani.